Alikuwa Amefunga Choo, Akatibiwa Kuharisha

Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: mvulana wa miaka 8, anaharisha kwa zaidi ya mwaka, ana tabia ya kujichafua, haambiliki. Mama yake aliendelea kuishika mkononi hata baada ya mimi kuisoma na kumrudishia. Baba alibaki amesimama. Mtoto mwenyewe alichagua kiti kilicho karibu na mlango, akakalia ukingo wake tu, kama anayesubiri kufukuzwa.

Nitamwita kijana. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, na mawili matatu nimeyachota kwa watoto wengine waliopita njia hiyohiyo. Mpangilio wa kisa ni huu huu ninaokutana nao mara kwa mara, na kila ninapokutana nao naumia, maana mtoto huwa ameshaadhibiwa vya kutosha kabla hajafika.

"Daktari, naona haya hata kusema," mama alianza.

Kwa miezi 14 nguo za ndani za kijana zilikuwa zikilowa kinyesi cha majimaji, mara 3 au 4 kwa siku, karibu mara zote mchana. Choo kilipimwa, hakukuwa na vimelea. Akapewa dawa ya minyoo mara 2 hata hivyo. Baadaye akapewa dawa ya kuzuia kuharisha, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika: tumbo likajaa, hamu ya kula ikapotea, nguo zikachafuka zaidi. Nyumbani walianza kukuta nguo za ndani zimefungwa ndani ya mfuko na kusukumizwa nyuma ya kabati. Baba, kwa kuamini kwamba aibu itamfunza, akawa anamfulisha mbele ya wadogo zake. Shuleni alihamishiwa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Wenzake walimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Niliuliza swali ambalo inaelekea hakuna aliyewahi kuwauliza: choo kikubwa, kile cha kawaida, anakipata lini?

Mama alinyamaza, akahesabu. "Baada ya siku 8, siku 9. Na siku hiyo choo kinaziba, maji hayapiti."

Hapo picha ikageuka. Mtoto anayetoa kinyesi kikubwa kiasi cha kuziba choo, mara moja tu baada ya wiki au zaidi, halafu katikati anavuja majimaji, haharishi. Amefunga choo. Bonge gumu limekaa kwenye puru, sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, na kinyesi laini kutoka juu kinapita pembeni yake kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe mfereji ukiziba. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha, unaupunguzia utumbo mwendo na kulifanya bonge kuwa gumu zaidi. Ndicho kilichotokea.

Nilimwuliza mama kama amewahi kumwona kijana akisimama kwa namna ya ajabu. Alishtuka kidogo. Ndiyo, nyuma ya pazia, kwenye ncha za vidole vya miguu, miguu imepishana, mwili umekakamaa, jasho linamtoka usoni. "Anasukuma, maskini, hakitoki."

Nilimgeukia kijana nikamwuliza yeye: ukiwa pale nyuma ya pazia, unasukuma au unazuia?

Alimtazama mama yake kwanza. "Nazuia."

Sidhani kama kuna aliyewahi kumwuliza. Wazazi walikuwa wakimwona kila siku akihangaika na wakaamini anahangaika kutoa, kumbe nguvu zote zile zilikuwa za kubana.

Habari ilianza alipokuwa na miaka 5. Alipata homa, akakaa siku kadhaa bila kunywa vya kutosha, choo kikakauka. Siku kilipotoka kilichana ngozi ya njia ya haja kubwa, akaona damu. Wiki hizohizo mama alikuwa amelazwa kujifungua mdogo wake. Kwa hiyo yale maumivu aliyapata mama akiwa hayupo nyumbani, na kuanzia hapo akaamua, kwa akili ya mtoto wa miaka 5, kwamba kitu kile hakitatoka tena. Ndugu walisema ana wivu na mtoto mchanga, anatafuta kuonekana. Inawezekana wivu ulikuwepo, lakini ule mchaniko ulikuwa jambo halisi mwilini mwake, na watu wazima waliuruka wakakimbilia kuisoma tabia yake.

Kipimo cha mwili kilikuwa kifupi. Tumboni, chini upande wa kushoto, nilipapasa uvimbe mgumu unaobonyea kidogo kama udongo wa mfinyanzi. Urefu na uzito vilikuwa sawa kwa umri wake, kilo 24. Niliuliza choo cha kwanza baada ya kuzaliwa kilitoka lini. Kilitoka siku ya kwanza. Kingechelewa kupita saa 48 ningefikiria ugonjwa alioueleza Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, mwaka 1886, ambao sehemu ya mwisho ya utumbo huzaliwa bila seli za neva, zile za mishipa ya fahamu, na haiwezi kulegea. Niliangalia mgongo wa chini kama kuna kishimo au kishungi cha nywele, nikampima nguvu za miguu, nikauliza kuhusu kutapika nyongo, homa zisizoisha, kupungua uzito, damu ndani ya kinyesi. Hakuna lililojitokeza. Yangejitokeza, kisa kingekuwa kingine.

Swali moja linahitaji uangalifu kuliko yote. Mtoto anayejichafua na kuogopa kupita kiasi kuguswa sehemu hizo lazima mtu ajiulize kama ameumizwa na mtu. Nilizungumza na kijana peke yake, taratibu, bila kumtia maneno mdomoni. Alichonieleza ni hofu ya choo chenyewe, hasa choo cha shule: mlango haufungi, na wakubwa huchungulia kwa juu. Hakuonyesha wala kusema lolote zaidi ya hapo. Nimelitaja hapa kwa sababu daktari akiona haya kuuliza, anayebaki peke yake ni mtoto.

Wazazi walitaka kujua jambo moja: hili ni la tumbo au la kichwa? Baba aliliuliza mara 2, na sauti yake ilionyesha kwamba jibu lingeamua kama ampeleke mwanawe kwa mganga wa tumbo au amtandike.

Nilichukua soksi kuukuu niliyonayo kwenye droo. Nikaingiza mpira mdogo mpaka kwenye kifundo, nikauacha, nikautoa. Soksi ilibaki imetanuka, mpira wake wa kubana umelegea. Hiyo ndiyo puru ya kijana, nikawaambia. Kwa kawaida kinyesi kikifika pale, ukuta wake unavutika na neva zinapeleka ujumbe kwamba muda umefika. Msuli wa ndani wa kubana unalegea wenyewe. Msuli wa nje unasubiri ruhusa ya mwenye mwili. Kijana amekuwa akiukatalia ruhusa kwa miaka 3. Ukizuia, haja inapita, kinyesi kinarudi nyuma kidogo na kukaa, na utumbo unaendelea kunyonya maji yake. Kesho ni kigumu zaidi na kikubwa zaidi. Kikitoka kinauma, na maumivu yanathibitisha kile alichokiogopa. Baada ya miezi ya kutanuka namna hiyo, ukuta wa puru haupeleki tena ujumbe. Majimaji yanapovuja, yeye hana habari.

"Ina maana hajui?" baba aliuliza.

Hajui. Na harufu pia haisikii, kwa kuwa pua huzoea haraka kilicho karibu nayo muda wote. Kwa hiyo unapomwuliza kwa ukali "Umejichafua tena?" naye akajibu "Hapana," hadanganyi. Amesema alichokijua.

Baba ndipo alipokaa.

Jibu la swali lake, basi, ni kwamba maswali yote 2 ni moja. Utumbo una mtandao wake wa neva, mamilioni kwa mamilioni ya seli, unaoweza kuendesha usagaji wa chakula bila kusubiri amri ya ubongo. Umeunganishwa na ubongo kwa njia kadhaa, kubwa ikiwa neva ya vagasi, na karibu asilimia 80 ya nyuzi za neva hiyo zinapeleka habari juu, kutoka tumboni kwenda kichwani. Ndiyo maana tumbo lililojaa siku 9 linamfanya mtoto awe mkali, mchovu, asiyetulia darasani. Kuelekea chini nako, hofu hubadilisha mwendo wa utumbo na hukaza misuli ya sakafu ya nyonga. Mtoto mmoja hofu humharisha asubuhi ya mtihani; mwingine humfunga. William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani, alimhudumia mtu aliyepigwa risasi mwaka 1822 akabaki na tundu tumboni, na kupitia tundu hilo alishuhudia tumbo likibadilika mtu huyo anapokasirika. Ni zaidi ya miaka 200 sasa, na bado tunawapanga watoto katika mistari 2, wa tumbo huku na wa akili kule.

Hapa niseme jambo kuhusu serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini ambayo watu huihusisha na furaha na huzuni, maana wazazi wengi huja wameshasoma habari zake. Ni kweli zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo. Lakini hiyo ya utumboni haivuki kuingia ubongoni; kazi yake kubwa ni hukohuko, kuusukuma utumbo. Anayekuuzia kopo la bakteria wazuri kwa ahadi kwamba litamwondolea mtoto huzuni na kumfungulia choo kwa mpigo, amelirukia jambo mbali sana na ushahidi. Miongozo ya tiba ya watoto waliofunga choo haipendekezi vitu hivyo, wala haipendekezi kuwajaza nyuzinyuzi na maji kupita mahitaji ya kawaida. Mama huyu alikuwa amemlazimisha mwanawe maji mpaka analia mezani. Nilimwomba aache.

Tiba tuliianza siku hiyohiyo, kwa pande zote 2, na naomba hili lisisomwe haraka. Nimeona watoto wakipelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia miezi 6 puru ikiwa bado imejaa. Hakuna mazungumzo yanayoweza kumfanya mtoto ahisi kitu ambacho neva zake hazikipeleki. Nimeona pia watoto wakisafishwa tumbo vizuri kabisa na kurudi nyumbani kwenye hofu ileile na adhabu zilezile, na ndani ya wiki 4 wamejaa upya.

Upande wa mwili dawa ilikuwa makrogoli, unga unaoyeyushwa kwenye maji, unaoshika maji ndani ya kinyesi bila kuuchokoza utumbo. Kuondoa bonge hutumika gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kwa siku 3 hadi 6, chini ya usimamizi. Hatukutumia bomba la kuingizia dawa kwa nyuma. Kwa matokeo makrogoli inakaribiana nalo, na kwa mtoto ambaye hofu yake yote iko sehemu hiyo, sikuona sababu ya kumrudisha kwenye jeraha. Niliwaonya kwamba siku hizo atachafuka zaidi kuliko kawaida, akae nyumbani, na asigombezwe hata mara moja. Siku ya 4 mama alipiga simu akilia. Nilidhani kuna tatizo. Alikuwa amehesabu kilichotoka, hakuamini kwamba mwili mdogo vile ulikuwa umebeba vyote hivyo.

Baada ya hapo dozi ndogo kila siku, ili choo kiwe laini kiasi kwamba hata akitaka kuzuia ashindwe. Muda wake unawashangaza wazazi: angalau miezi 2, na haipunguzwi mpaka mtoto akae mwezi mzima bila dalili, kisha inapunguzwa polepole. Puru iliyotanuka inahitaji muda kurudi. Hofu kwamba mtoto "atazoea dawa" ndiyo inayowarudisha wengi mwanzo.

Mara 2 au 3 kwa siku, baada ya mlo, wakati utumbo mpana unaposukuma wenyewe kwa sababu tumbo limepokea chakula, anakaa chooni dakika 5 hadi 10. Kigoda chini ya miguu, magoti juu kidogo ya nyonga. Anapongezwa kwa kukaa, hata kama hakuna kilichotoka, maana kukaa ndiko kulikokuwa kazi ngumu. Aliandika daftari lake mwenyewe, akichora aina ya choo kwa chati ya Bristol, picha zenye namba kuanzia 1, vibonge vigumu, hadi 7, majimaji matupu. Alipenda sana zile picha, na wiki ya kwanza alichora namba 1 zenye miguu.

Upande wa akili tulianza na lugha. Michael White, mtaalamu wa tiba ya familia wa Australia, aliandika mwaka 1984 kuhusu watoto kama huyu, akipendekeza tatizo litenganishwe na mtoto, lipewe jina, na familia nzima isimame upande mmoja na mtoto dhidi yake. Kijana alilipa jina Kizibo. Baba akaacha kuuliza "Umejichafua?" akaanza kuuliza "Kizibo kimekusumbua leo?" Inaweza kuonekana mchezo wa maneno. Kwa mtoto aliyekuwa ameniambia, akichezea kamba ya kiatu, "Mimi ndiye mchafu wa nyumbani," haukuwa mchezo.

Kati ya theluthi na nusu ya watoto wanaojichafua huwa pia na tatizo la kihisia au la kitabia linalofikia kiwango cha kuhitaji msaada wenyewe. Huwezi kujua mapema lipi limetangulia, na mara nyingi haijalishi. Kijana nilimpima tena wiki 6 baada ya kusafishwa. Ukali, usingizi wa kushtuka na ugomvi na wadogo zake vilikuwa vimeondoka karibu vyote bila mtu kuvigusa. Hata kukojoa kitandani, ambako mama hakukutaja siku ya kwanza kwa kuona yametosha, kulikuwa kumekoma, kwani puru iliyojaa hukibana kibofu. Kilichobaki ndicho kilichokuwa wasiwasi wenyewe: maumivu ya tumbo kila asubuhi ya shule, hayapo siku za mapumziko, na kutokuingia choo cha shule kabisa.

Maumivu yale yalikuwa ya kweli. Mtoto haumwi "kwa kujisingizia" kwa vile hakuna kidonda. John Apley na mwenzake walichunguza watoto 1,000 wa shule nchini Uingereza, wakachapisha mwaka 1958 kwamba karibu 1 kati ya 10 alikuwa na maumivu ya tumbo ya kujirudia, na kwa wengi sana hakukuonekana ugonjwa wa viungo. Utumbo unakuwa mwepesi wa kuhisi, na ubongo unakuza kinachohisiwa.

Mtaalamu wa saikolojia alifanya naye kazi kwa vikao 8: kupumua kwa tumbo, kuyatambua mawazo yanayotangulia maumivu, na kuikaribia hofu ya choo kwa ngazi ndogondogo. Kwanza kusimama mlangoni pa choo cha shule jioni wenzake wameondoka. Kisha kuingia na kufunga mlango kwa sekunde 10. Kisha kukaa akiwa amevaa. Mwalimu wa darasa, ambaye mwanzoni alikuwa anasema mtoto amezoea kudekezwa, aliposikia habari ya soksi alinyamaza kama baba alivyonyamaza, halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingeweza kulifanya: alimpatia ufunguo wa choo cha walimu na ruhusa ya kutoka bila kuinua mkono. Akamrudisha pia dawati la katikati. Sijui kati ya dawa, vikao na ufunguo kipi kilisaidia zaidi. Nikilazimishwa kuchagua, kwa miezi ile ningeutaja ufunguo.

Mwezi wa 6 wa tiba walirudi nyuma. Wakiwa mapumzikoni, kila kitu kikiwa shwari, babu alisema dawa za kila siku zitaharibu utumbo wa mjukuu wake, na mama akaikatisha kwa mkupuo. Wiki 3 baadaye kijana alionekana tena nyuma ya pazia. Safari hii mama alijua anachokiona. Alirudisha dozi siku hiyohiyo, akapiga simu, na bonge halikupata muda wa kujijenga. Baba aliniuliza kama wamefeli. Nilimweleza kwamba miongoni mwa watoto wanaofuatiliwa na wataalamu, takriban nusu ndio wanaopona na kuacha dawa ndani ya miezi 6 hadi 12. Waliobaki huhitaji muda zaidi, na kurudi nyuma ni sehemu ya njia ya wengi wao.

Kuna watoto ambao kisa chao hakifanani na hiki, na nisingependa mtu akitumie kuwafunika. Mwenye ugonjwa wa Crohn au kidonda cha utumbo mpana ana uvimbe wa kweli ndani ya utumbo. Sonona na wasiwasi huwapata watoto hao zaidi ya wenzao, na huzuni yao inahitaji tiba kama utumbo unavyohitaji. Damu kwenye kinyesi, kuamka usiku kwa kuharisha, kukoma kukua, hayo hayaelezwi kwa hofu ya choo. Anayeyaona akasema "ni wasiwasi tu" amekosea upande wa pili.

Kijana sasa ana miaka 9 na miezi kadhaa. Ana siku 70 bila kuvuja, dozi ni nusu ya ile ya mwanzo, na tumbo la asubuhi humshika mara moja moja, hasa siku za Jumatatu. Baba alinieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba alimwomba mwanawe msamaha kwa kumfulisha mbele ya wadogo zake, na kwamba mtoto hakujibu kitu, aliendelea kula. Anaingia darasa jipya na mwalimu mpya. Nilipomwuliza kama niandike barua ya kumweleza mwalimu huyo, alifikiri akasema niiandike, ila asiipeleke mama, aipeleke yeye, na soksi aende nayo.